Siku 30 za kumvalisha mzee wangu soksi

Soksi zenyewe ni nyeupe, zinapita goti, na zinabana hasa. Hospitali humvalisha mtu aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga ili damu isigande kwenye mishipa ya miguu wakati bado hatembei vizuri. Sasa mtu huyo huyo amekatazwa kuinama, kwa hiyo hawezi kuzivaa mwenyewe wala kuzivua. Lazima pawe na mtu.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi, na mwaka 2023 nilikuwa na miaka 22 kwenye kazi hii: sare za shule, magauni ya sendoff, vitenge vya vikundi vya akina mama. Nesi wa Kijerumani aliponionyesha mara moja namna ya kuvalisha, nikaomba nijaribu. Niligeuza soksi nje ndani mpaka kisigino, nikaingiza vidole vya mguu, nikakaza kisigino kikae mahali pake, halafu nikaipandisha kidogo kidogo bila kuacha mkunjo, kama ninavyogeuza mkono wa koti lenye bitana. Nesi akasema, "Prima," yaani safi sana. Mzee wangu, yaani mume wangu Mjerumani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Soksi hizo ndizo zilizonipatia siku 30 za ziada Ujerumani. Nimekuwa nikiyasimulia haya vipande vipande dukani, maana hakuna wiki inayopita bila mteja kuniuliza nikiwa namchukua vipimo, "Dada, hivi viza inaongezwaje?" Leo nimeamua kuandika yote. Wanaouliza wengi wana mwenza huko, na baadhi yao wameshauriwa vibaya, kama nilivyoshauriwa mimi.

Mume wangu alikuja Moshi kufundisha vijana ufundi bomba. Tulifahamiana alipoleta suruali tatu zipunguzwe kiuno. Mwaka 2018 tulifunga ndoa bomani: tangazo letu likakaa ubaoni siku 21 kama sheria inavyotaka, hakuna aliyeweka pingamizi, mama yangu akashuka kutoka Kibosho na wajomba wawili na ndoo ya mbege. Mkataba wake ulipoisha mwaka 2020 alirudi kwao kumalizia miaka ya kazi ili apate pensheni kamili. Mimi sikuhama. Nina mama, nina duka, nina wasichana wawili ninaowafundisha kushona. Tukakubaliana kwamba uzee tutaula Moshi, na mpaka ufike tutakuwa tunatembeleana.

Kwa hiyo mwaka 2023 nilikwenda kwa mume wangu kama mgeni, kwa viza ya kutembelea, ile ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia. Kwenye stika ya viza kuna tarehe mbili, ya kuanza na ya kuishia, na mahali pengine kuna idadi ya siku. Yangu ilianza 3 Juni na kuishia 1 Agosti, siku 45. Ukihesabu kati ya tarehe hizo unapata siku 60. Mzee wangu, ambaye kazini hupima bomba mpaka milimita, alikuwa ameshajiwekea kichwani kwamba nipo naye mpaka 1 Agosti. Haikuwa hivyo. Zile tarehe zinakuambia ni lini mpaka lini viza inaweza kutumika, na huwa wanaongeza siku 15 juu ili safari ikisogea usikwame. Siku za kukaa ni zile 45 tu. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka nayo inahesabiwa. Nilishuka Frankfurt Jumamosi 3 Juni asubuhi, kwa hiyo siku yangu ya mwisho ilikuwa Jumatatu 17 Julai. Niliizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na alipoiona alinyamaza muda mrefu.

Kuna hesabu ya pili pia. Mgeni mwenye viza ya aina hii hawezi kukaa nchi za Schengen zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote, hata awe na viza ya miaka. Mimi nilikuwa nimepewa nusu ya hizo 90. Nusu ya pili ilikuwepo kwenye sheria, lakini haikuwa yangu mpaka nipewe. Siku zile sikulijua hilo.

Alianguka Jumamosi 1 Julai. Nyuma ya nyumba anayopanga kuna mti wa cheri, matunda mekundu madogo yanayokaribia zambarau kwa ukubwa. Aliegemeza ngazi, akapanda, mimi chini nimeshika ndoo. Ngazi iliteleza upande kwa sababu usiku mvua ilinyesha. Mfupa wa paja ukavunjika pale juu unapoingia kwenye nyonga. Nilipiga kelele kwa Kichaga. Jirani wa chini, bibi wa miaka sabini na kitu, alitoka na taulo begani akapiga 112, gari la wagonjwa likafika kabla sijajua nimeweka wapi ndoo. Kesho yake walimfanyia upasuaji wakamwekea nyonga ya bandia. Alikuwa na miaka 61.

Hospitali ya kule ni safi na kimya. Hicho kimya ndicho kilichonitesa. Ukienda KCMC, hospitali yetu kubwa ya hapa Moshi, saa ya kuona wagonjwa unakuta ukoo mzima, mashemeji, watu wa jumuiya, chupa za chai, hotpoti la mtori, mtu anasali pale na mwingine anamkanda mgonjwa miguu. Kule mzee wangu alikuwa na mimi. Chakula wanaleta wao, kuogesha wanaogesha wao, na jioni unaambiwa kwa upole uende. Hana mtoto, mama yake alifariki mwaka mmoja kabla, dada yake anaishi mbali na anaumwa. Nilijaribu kupika mtori nikamletea kwenye chupa, lakini ndizi za mshare hazipo kule, nilipata mzuzu kwenye duka la Waasia, ukatoka mtamu na wa rangi isiyoeleweka. Aliunywa wote.

Siku ya nne daktari alituambia ratiba. Tarehe 12 Julai atahamia kituo cha mazoezi tiba, atakaa wiki tatu mpaka 2 Agosti, kisha nyumbani kwa magongo. Nyumba yenyewe iko ghorofa ya pili na haina lifti. Nikaangalia kalenda yangu kwenye simu. Tarehe 17 Julai ilikuwa katikati ya mazoezi. Atakaporudi nyumbani mimi nitakuwa Mbuyuni.

Nilimpigia mama. Aliuliza maswali mawili tu, kama anakula na kama analala. Halafu akasema, "Mwanangu, usije ukarudi ukaacha mtu kitandani. Huku tupo watu. Huko yuko na nani?"

Usiku ule ndipo nilipopata ule ushauri mbaya. Mtu wa nyumbani anayeishi nchi jirani na ile aliniandikia, "Kaa tu. Wewe ni mke wa mtu, nani atakuhesabia siku?" Nakiri nilitaka sana kumwamini. Lakini kukaa baada ya siku kwisha ni kosa kwa sheria zao, na wakati ule lilikuwa linaonekana siku unapotoka, afisa anapolinganisha muhuri wa kuingia na idadi ya siku kwenye stika. Unaweza kufungiwa usiingie tena, na hata usipofungiwa, viza inayofuata utaiombea wapi ukiwa na doa hilo? Mume wangu yuko kule. Doa hilo lingekaa kati yangu na yeye. Na sasa kujificha ni vigumu zaidi, kwa sababu tangu Oktoba 2025 wameanza kusajili wageni mpakani kwa picha na alama za vidole badala ya kutegemea muhuri, na kompyuta inahesabu siku yenyewe.

Asubuhi nilimwomba bibi wa chini anisaidie kuandika barua pepe kwa ofisi ya wageni ya wilaya. Alikuwa na Kiingereza cha shule ya zamani, nami changu cha sekondari, tukaelewana. Alitafuta mpaka akaipata sheria yenyewe, kifungu cha 33 cha Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya. Kinasema viza ya kutembelea inaweza kuongezwa kama kuna jambo lisilozuilika, au sababu ya kibinadamu, au sababu nzito za binafsi, na sababu hiyo lazima iwe imekuzuia kuondoka kwa tarehe yako. Nilimwomba anisomee mara mbili. Hakuna mahali pameandikwa ndoa. Kuwa mke wa mtu si sababu. Kumpenda si sababu. Hilo liliniuma na bado linaniuma, kwamba cheti changu cha bomani, chenye muhuri, kilichotafsiriwa kwa Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa, hakiongezi hata siku moja peke yake. Kinachoongeza ni shida, na shida lazima iwe na barua.

Tulipewa miadi Jumatatu 10 Julai, wiki nzima kabla ya siku zangu kwisha. Hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza: omba viza yako ikiwa bado hai. Ukienda siku zimeshapita, tayari umeshakuwa mkosaji.

Nilikwenda na bibi wa chini awe mkalimani wangu, na faili la bluu. Ndani kulikuwa na pasipoti, cheti cha ndoa na tafsiri yake, barua ya daktari aliyempasua, barua ya kituo cha mazoezi yenye tarehe za kuingia na kutoka, na karatasi aliyoisaini mzee wangu kitandani kwamba gharama zangu za siku za nyongeza ni juu yake. Bima ndiyo ilinisumbua. Bima ya safari inatakiwa ifike angalau euro 30,000 na iwe hai siku zote utakazokaa. Yangu ilikuwa inaishia pamoja na safari. Kampuni ya kwanza niliyoipigia ilikataa kuniuzia kwa sababu nilikuwa tayari nimeshaingia Ulaya. Ikabidi binti ninayemfundisha kazi aende mwenyewe kwa wakala aliyeniuzia ile ya mwanzo, akae pale mpaka wakubali kuirefusha, anipigie picha ya karatasi. Kwa hiyo ukinunua bima, uliza hukohuko mwanzoni kama inaweza kurefushwa ukiwa safarini.

Afisa alikuwa mama wa makamo, nywele fupi, hana haraka. Alisoma kila karatasi. Kisha akauliza kwa nini nisirudi Tanzania tarehe yangu, halafu niombe viza nyingine.

Nikasema tarehe 2 Agosti mume wangu anarudi nyumbani ghorofa ya pili akiwa na magongo mawili, hawezi kubeba hata kikombe, hawezi kuinama, na kwamba viza nyingine haitapatikana kwa wiki mbili. Nikasema, nani atamvalisha soksi?

Akauliza soksi gani. Nilikuwa nayo moja kwenye mkoba, nimeichukua kwenda kuifua, nikaiweka mezani. Aliiangalia akatikisa kichwa kuonyesha anaijua. Halafu akasema kitu ambacho bibi wa chini alisita kidogo kabla ya kunitafsiria: kwamba huku kuna huduma ya manesi wa nyumbani, daktari akiandika, nesi anakuja asubuhi kumvalisha mgonjwa soksi na jioni kumvua, na bima ya mgonjwa inalipa.

Sikuwa nimejua. Nilihisi nimepigwa. Nilidhani nina sababu moja kubwa, kumbe nchi ile ina mtu wa kuifanya kazi hiyo kwa mshahara. Nikamjibu kwa Kiswahili kwanza, bila kufikiri, kisha nikarudia kwa Kiingereza, "Nesi atakuja dakika kumi. Na zile saa nyingine?"

Hakujibu. Aliandika muda mrefu. Mimi niliomba mpaka 31 Agosti, ambayo ndiyo ingetimiza siku 90. Alinipa mpaka 16 Agosti, siku 30. Alieleza hesabu yake: anatoka kituoni tarehe 2, wiki mbili zinatosha kuizoea nyumba na kuipanga hiyo huduma ya manesi ianze. Nilipotoka nje nililia, na sijui kama ni kwa furaha ya siku 30 au kwa zile 15 alizonikatalia. Leo namshukuru. Alinisikiliza, na alinipa siku zenye sababu.

Nilimuuliza pia, kwa kuwa tulikuwa pale, kama naweza kuomba kibali cha kuishi kama mke bila kurudi nyumbani. Kwa hali yangu jibu lilikuwa hapana. Aliyeingia kwa kutembelea anarudi, na viza ya kuungana na mwenza inaombwa ubalozini Dar es Salaam, na kwa kawaida utatakiwa uwe umefaulu mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1, yaani ngazi ya kwanza, ambao hapa kwetu unafanyika Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni wa Kijerumani, Dar. Una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Anayetaka kuhamia kabisa aanzie huko. Kuongeza viza ya matembezi hakukupeleki kwenye kibali cha kuishi.

Zile wiki mbili za nyumbani nazikumbuka kwa saa. Saa moja asubuhi soksi. Kisha sindano ndogo ya tumboni ya kuzuia damu kuganda, ambayo alijichoma mwenyewe huku amenishika mkono. Chai. Ngazi: ukipanda, mguu mzima unatangulia, ukishuka, unatangulia ule unaouguza, na mimi nyuma au mbele yake nikisema "haya, haya" kama ninayemfundisha mtoto. Usiku mto katikati ya magoti asije akakunja miguu usingizini. Kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye magongo, hakuweza kuhamisha kitu kutoka jikoni kwenda sebuleni, na kwa mwanaume aliyezoea kujifanyia kila kitu hili lilimdhalilisha kuliko maumivu. Bibi wa chini alikuwa na cherehani ya Pfaff ya zamani, ya miguu, ya mama yake. Niliisafisha, nikaitia mafuta, nikachukua kitenge nilichokuja nacho nikamshonea mfuko wa kuning'iniza shingoni, mifuko mitatu ndani yake: chupa ya chai, simu, miwani. Aliuvaa hata alipoteremka kwenda dukani. Watu wa pale walimsimamisha kuuliza kaununua duka gani.

Tuliongea sana siku zile. Kwa miaka mitatu tulikuwa watu wa simu, dakika ishirini usiku, habari za mvua na habari za wateja. Akiwa amelala chali mchana, haruhusiwi kugeuka, alinisimulia mambo ya baba yake ambayo sikuwahi kuyasikia. Jioni moja akasema, "Mama, pensheni kamili ya nini?" Sikumjibu. Niliendelea kuvua soksi.

Duka liliumia, siwezi kuficha. Agosti nilikuwa na magauni sita ya sendoff, wasichana wakamaliza matatu, mawili nikarudisha pesa, la mwisho mwenye nalo aliondoka na kitambaa chake na hasira. Kubadilisha tiketi kulikula akiba ya kodi ya miezi miwili.

Jumatano 16 Agosti nilimvalisha saa kumi alfajiri, kwa sababu gari la kunipeleka Frankfurt lilikuwa linakuja saa kumi na moja. Nesi wa huduma ya nyumbani angeanza siku ileile jioni. Mzee wangu alisimama juu ya ngazi na magongo yake, mfuko wa kitenge shingoni, hakuweza kushuka kunisindikiza. Uwanjani afisa alizikagua stika zote mbili, akahesabu kwa kidole, akagonga muhuri. Siku ya 75.

Hakungoja ile pensheni kamili. Amestaafu mapema, wanamkata kiasi kila mwezi, na mwaka huu ameshuka uwanja wa ndege wa KIA na mabegi mawili na fimbo. Mama amemchinjia mbuzi. Asubuhi anakaa barazani kwa duka langu, wateja wanamwita babu, anarekebisha pedali za cherehani ambazo hakuna aliyemwomba azirekebishe.

Na sasa mgeni ni yeye. Kwenye pasipoti yake kuna viza ya matembezi, siku 90, na kwenye kalenda ya dukani, ile ya kanisa, nimezizungushia chaki ya kushonea. Hatusubiri zikaribie kwisha. Jumatatu tunakwenda Uhamiaji pamoja kuomba akae kwa ajili ya ndoa. Faili ni lile lile la bluu. Nimetoa barua za madaktari nikazifunga kwenye bahasha, nikaweka nakala mpya ya cheti cha ndoa, kitambulisho changu cha taifa na barua ya serikali ya mtaa. Ameshaniuliza mara mbili avae nini siku hiyo. Nimemwambia shati la bluu na zile suruali nilizompunguza kiuno. Soksi anavaa mwenyewe siku hizi, ameketi kitandani, mguu wa kulia unachukua muda.